Kusema, Kunyamaza, Kutoa Fedha au Kuiachia Kazi Iseme: Njia Nne za Mtu Mashuhuri Mbele ya Siasa na Ndoa za Jinsia Moja

Tangu Uholanzi iwe nchi ya kwanza duniani kuruhusu ndoa za jinsia moja, tarehe 1 Aprili 2001, suala hilo limepita katika mabunge, mahakama na masanduku ya kura ya nchi nyingi, na kila lilipopita, waandishi wa habari wamewageukia wanamuziki, waigizaji na wanamichezo kuwauliza wako upande gani. Swali la mgombea na swali la ndoa sasa hufuatana kama pacha, kwa kuwa vyama navyo vimegawanyika juu ya jambo hilo, na anayejibu moja huhesabiwa kuwa amejibu na la pili.

Makala haya yamekusudiwa kwa mtu mwenye jina ambaye amekwama, pamoja na meneja wake na wale wa karibu wanaomshauri. Hayamchagulii upande. Yanachukulia kwamba msimamo anao tayari, uwe wa kuunga mkono au wa kupinga, na kinachomnyima usingizi ni namna ya kuubeba. Njia zilizoko mbele yake ni nne: kusema waziwazi, kunyamaza, kutoa fedha na kufanya kazi pembeni, au kuiachia kazi yake ya sanaa izungumze.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni athari: je, njia hii inabadilisha nini hasa? Kumfanya kijana ajiandikishe kupiga kura ni jambo moja, kumhamisha mtu kutoka chama alichozaliwa nacho ni jambo jingine, na kubadili anavyomtazama jirani yake ni la tatu.

Kigezo cha pili ni gharama na anayeilipa. Hiki ndicho ninachokipa uzito mkubwa kuliko vyote, kwa sababu ndicho kinachosahauliwa. Watu hujiuliza, "Nitapoteza nini?" Wachache hujiuliza ni nani mwingine atakayepoteza kwa sababu yangu, naye hakuulizwa.

Cha tatu ni sheria na usalama, yaani sheria ya nchi na vilevile vifungu vya mkataba. Cha nne ni nafasi ya kurudi, kwa maana ya kama msemaji ataweza kubadili msimamo baadaye bila kuvunjika. Kigezo hiki si cha kupuuzwa: tafiti za maoni za Gallup nchini Marekani ziliwakuta asilimia 27 wakiunga mkono ndoa hizi mwaka 1996, na mwaka 2023 ziliwakuta asilimia 71. Jamii nzima iliyobadilika kiasi hicho ndani ya miaka 27 haina budi kuwa imejaa watu waliowahi kusema jambo ambalo leo wasingelisema. Baada ya vigezo hivyo vinne nitasema kila njia inamfaa nani.

Njia ya kwanza: kusema waziwazi

*Athari.* Mfano unaotajwa sana ni wa Oprah Winfrey, aliyemuunga mkono Barack Obama mwaka 2007. Wanauchumi wawili, Craig Garthwaite na Timothy Moore, walikadiria kwamba tamko lake lilimletea Obama takribani kura milioni moja katika kura za mchujo za chama chake. Hata hivyo, ile ilikuwa mchujo, ambapo wagombea wote walitoka chama kimoja na mpiga kura hakulazimika kuvuka mto wowote ili kumfuata Oprah. Mwaka 2018 Taylor Swift, baada ya miaka mingi ya kukaa kando, alimuunga mkono Phil Bredesen katika uchaguzi wa Seneti jimboni Tennessee, akitaja haki za wapenzi wa jinsia moja miongoni mwa sababu zake. Shirika la Vote.org lilieleza kwamba watu wapatao 65,000 walijiandikisha kupitia tovuti yake ndani ya saa 24 baada ya ujumbe huo, lakini Bredesen alishindwa na Marsha Blackburn. Mwaka 2024 Swift alimuunga mkono Kamala Harris, naye hakushinda. Ninavyoona mimi, sauti ya mtu mashuhuri hufungua mlango wa kuingia katika siasa kwa urahisi kuliko inavyombadilisha aliyekwisha kuwa ndani.

Kuhusu ndoa, mambo huwa tofauti kidogo, kwa sababu msemaji anaweza kuwa anasimulia maisha yake mwenyewe. Nchini Ireland, miezi minne kabla ya kura ya maoni ya tarehe 22 Mei 2015, waziri wa afya Leo Varadkar alisema redioni kwamba yeye ni mpenzi wa jinsia moja. Wiki moja kabla ya kura, Ursula Halligan, mhariri wa siasa wa kituo cha TV3, aliandika gazetini jambo hilohilo kuhusu nafsi yake, jambo alilolificha tangu ujana. Asilimia 62 ya wapiga kura wakasema ndiyo. Kauli ya namna hii haishindani na hoja za mpinzani. Inamweka mtu halisi mbele ya msomaji, na msomaji hawezi tena kulizungumzia suala lile kana kwamba halina wenyewe.

*Gharama na anayeilipa.* Hapa pana mengi ya kutazamwa. Tarehe 10 Machi 2003, siku chache kabla ya vita vya Iraki, Natalie Maines wa kundi lililoitwa wakati huo Dixie Chicks alisema jukwaani London kwamba waliona aibu rais wa Marekani kutoka jimbo lao la Texas. Vituo vya redio vya muziki wa kantri viliacha kupiga nyimbo zao, na watu wakakusanyika kuziponda diski zao. Aliyesema ni mmoja, lakini walioadhibiwa ni watatu. Wenzake walisimama naye, na mwaka 2007 kundi lilitwaa tuzo tano za Grammy, ingawa redio zile hazikuwarudisha katika nafasi yao ya zamani. Uamuzi wa wenzake kusimama naye ulikuwa wao, lakini hawakupewa nafasi ya kuufanya kabla ya maneno kutoka.

Wapinzani wa ndoa za jinsia moja nao wamelipa. Bondia Manny Pacquiao, akigombea useneta Ufilipino mwezi Februari 2016, alisema wapenzi wa jinsia moja ni wabaya kuliko wanyama. Aliomba radhi kwa kulinganisha watu na wanyama, huku akishikilia kwamba imani yake haimruhusu kukubali ndoa hizo, na kampuni ya Nike ikavunja uhusiano naye. Miezi mitatu baadaye alichaguliwa kuwa seneta kwa kura zaidi ya milioni 16. Kauli iliyomgharimu katika soko moja haikumzuia kushinda katika jingine, na mtu anayepima gharama hana budi kujua soko analolitegemea liko wapi. Mchezaji tenisi wa zamani Margaret Court, naye, aliandika gazetini mwaka 2017 kwamba angeepuka kusafiri na shirika la ndege la Qantas kwa sababu liliunga mkono ndoa hizo. Wengi walitaka jina lake liondolewe katika uwanja mmoja wa Melbourne. Uwanja umebaki na jina lake, na Australia ikapiga kura ya posta mwaka huohuo ambapo asilimia 61.6 walisema ndiyo. Pacquiao na Court walipinga jambo lilelile, lakini katika maandishi yale Court alizungumzia alichokiamini kuhusu ndoa na kile ambacho yeye mwenyewe angefanya, ilhali Pacquiao aliwashusha watu thamani. Maneno yale ya Pacquiao yaliwaumiza watu ambao hawakumwomba maoni yake, na maumivu hayo nayo ni sehemu ya hesabu.

Mfano unaonisikitisha zaidi ni wa Malaysia, Julai 2023. Matty Healy, mwimbaji wa bendi ya Uingereza The 1975, alizishambulia jukwaani sheria za nchi hiyo dhidi ya wapenzi wa jinsia moja, kisha akambusu mwenzake wa kiume. Serikali ikafuta siku zilizobaki za tamasha. Bendi ilipanda ndege ikaondoka. Wasanii waliokuwa kwenye ratiba na wafanyabiashara waliokuwa wamepanga meza zao walibaki na hasara, na baadhi ya wapenzi wa jinsia moja wa hapohapo walisema wazi kwamba tendo lile limewaongezea hatari badala ya kuwapunguzia. Siamini kwamba nia ya Healy ilikuwa mbaya. Lakini alitumia fedha ambazo hazikuwa zake.

*Sheria na usalama.* Katika nchi ambako ndoa hizi zinaruhusiwa, hatari kubwa ya kisheria iko ndani ya mkataba. Mchezaji raga Israel Folau alifukuzwa na shirikisho la raga la Australia mwezi Mei 2019 kwa kuandika mtandaoni kwamba wapenzi wa jinsia moja, pamoja na makundi mengine aliyoyataja, wataingia motoni wasipotubu. Shirikisho lilisema amekiuka kanuni za maadili, yeye akadai ameonewa kwa ajili ya dini yake, na mwezi Desemba pande hizo mbili zikapatana nje ya mahakama. Katika nchi nyingine hatari ni jela. Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 inaweka adhabu ya hadi miaka 20 kwa kile inachokiita kuhamasisha, na Urusi imekuwa na sheria dhidi ya kile inachokiita propaganda tangu mwaka 2013. Anayetoa kauli kutoka mbali na kumtaja mtu aliye ndani ya nchi kama hiyo anaweza kumpeleka polisi bila kukusudia.

*Nafasi ya kurudi.* Ni finyu, ila haijafungwa. Mwaka 2008 Elton John alisema hahitaji ndoa kwa kuwa muungano wa kiraia alioufunga na David Furnish mwaka 2005 unamtosha. Tarehe 21 Desemba 2014, sheria ya Uingereza ilipokwisha kubadilika, walifunga ndoa. Hakuna aliyemwona msaliti kwa hilo, kwa sababu kauli yake ya mwanzo ilihusu maisha yake, wala hakuitumia kumdharau mtu.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mwenye jambo linalomgusa mwenyewe, aliyekwisha kuzungumza na wale watakaoshiriki matokeo, na ambaye riziki yake haitegemei mkataba mmoja. Inamfaa pia anayeweza kusema sentensi mbili na kuishia hapo, kwa kuwa mara nyingi kinachomwangusha msemaji ni sentensi ya tatu.

Njia ya pili: kunyamaza

*Athari.* Ni makosa kudhani kwamba kimya hakifanyi kitu. Kabla ya 2018, Taylor Swift alipokuwa hasemi lolote juu ya siasa, makundi ya kibaguzi mtandaoni yalianza kudai kwamba kimyakimya yuko nao. Nafasi iliyoachwa wazi hujazwa na anayeihitaji. Hata hivyo, kimya kina kazi njema ambayo watu wa kampeni hawapendi kuikiri: kinaacha mahali ambapo watu wa pande zote wanaweza kuketi pamoja. Dolly Parton, mwimbaji wa muziki wa kantri, amelinda mahali hapo kwa miongo mingi. Ameeleza kwamba chini ya utawala wa Donald Trump alitakiwa mara mbili apokee Nishani ya Rais ya Uhuru akashindwa, mara ya kwanza kwa sababu mumewe alikuwa mgonjwa na mara ya pili kwa sababu ya janga la korona, na kwamba alipotafutwa tena chini ya Joe Biden alisita, asije akaonekana anafanya siasa.

Lakini tumsikilize Parton vizuri. Hajizuii kuwazungumzia wapenzi wa jinsia moja, ambao ni wengi kati ya mashabiki wake. Amesema katika mahojiano kwamba waruhusiwe kuoana. Anachokikwepa ni vyama na wagombea. Kimya chake kina mpaka uliochorwa kwa makini, na nadhani ndiyo sababu kimeheshimiwa na watu wasioelewana juu ya jambo lingine lolote.

*Gharama na anayeilipa.* Anayenyamaza mwenyewe hulipa kidogo mwanzoni. Anayelipa ni yule aliyekuwa akisubiri kusikia neno: shabiki kijana aliyekataliwa nyumbani, au, kwa upande mwingine, muumini anayeona imani yake ikidhihakiwa na anayetamani kuona mtu mmoja mwenye jina akiishikilia kwa adabu. Kwa mtu mashuhuri ambaye mwenyewe ni mpenzi wa jinsia moja, kimya kina bei nyingine inayolipwa kila siku, nayo ni kuyahariri maisha yako kabla ya kuyasimulia. Mwigizaji Ian McKellen alipojitokeza redioni BBC mwaka 1988, wakati wa mabishano juu ya sheria ya Uingereza iliyozuia halmashauri "kuhamasisha" mapenzi ya jinsia moja, alikuwa na umri wa miaka 48. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Stonewall, shirika la kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja.

*Sheria na usalama.* Kimya ndiyo njia salama kuliko zote nne, na palipo na jela sioni haki ya mtu yeyote aliye mbali kumlaumu aliyeko hapo kwa kukishika.

*Nafasi ya kurudi.* Mlango uko wazi, lakini unaelekea kufunguliwa katika wakati ambao watu wataukumbuka. Anayesema baada ya sheria kupita na wadhamini kubadilika huulizwa alikuwa wapi.

*Inamfaa nani.* Inamfaa ambaye bado hajafikia msimamo, aliyeko mahali pa hatari, au ambaye kazi yake, kama ya mtangazaji wa habari, inadai aaminiwe na pande zote. Halligan alijitokeza katika nafasi ya namna hiyo, na kwa hiyo uamuzi wake haukuwa mdogo.

Njia ya tatu: fedha na kazi ya pembeni

*Athari.* Mwaka 2008 wapiga kura wa California waliulizwa kama wapitishe Pendekezo la 8, lililotaka ndoa iwe kati ya mwanamume na mwanamke pekee. Brad Pitt alitoa dola 100,000 kulipinga, na Steven Spielberg pamoja na mkewe Kate Capshaw wakatoa kiasi hichohicho. Pendekezo lilipita kwa takribani asilimia 52. Fedha, basi, hazikutosha kwenye sanduku la kura. Kilichofuata ndicho kinachostahili kuangaliwa kwa makini na anayefikiria njia hii. Mwongozaji wa filamu Rob Reiner alishirikiana na wenzake kuanzisha shirika la kulipeleka pendekezo lile mahakamani, nalo likawachukua mawakili wawili, Ted Olson na David Boies, waliokuwa wamepingana katika kesi ya George W. Bush na Al Gore mwaka 2000, mmoja akisimama kwa upande wa kulia na mwingine wa kushoto. Mwezi Juni 2013 uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani uliacha hukumu dhidi ya pendekezo lile isimame, na ndoa zikarudi California. Miaka miwili baadaye, tarehe 26 Juni 2015, katika kesi nyingine, mahakama hiyohiyo iliruhusu ndoa hizo nchi nzima kwa kura 5 dhidi ya 4. Umashuhuri wa Reiner ulisaidia kuwaleta watu mezani. Hoja walizitoa wanasheria, na maisha yaliyosimuliwa mahakamani yalikuwa ya wapenzi wenyewe waliotaka kuoana.

*Gharama na anayeilipa.* Watu wengi huichagua njia hii wakidhani ni ya siri. Sivyo. Michango ya kampeni katika sehemu nyingi huwekwa wazi kwa mujibu wa sheria, na California ni mojawapo. Brendan Eich, mtaalamu wa programu, alichanga dola 1,000 kuunga mkono Pendekezo la 8 mwaka 2008. Alipoteuliwa mwaka 2014 kuwa mkurugenzi mtendaji wa Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, mchango ule uliibuka, mzozo ukaigawa taasisi nzima, naye akajiuzulu chini ya wiki mbili tangu uteuzi. Wako wanaoona ilikuwa haki, na wako wanaoona mtu alinyimwa kazi kwa sababu ya kutumia haki yake ya uraia. Ninachosema hapa ni kwamba miaka sita haikutosha kuufuta mchango ule.

*Sheria na usalama.* Zisomwe sheria za uchangiaji kabla ya fedha kutoka, hasa fedha zikivuka mpaka. Katika nchi nyingi raia wa kigeni haruhusiwi kuchangia kampeni, na shirika la ndani likionekana linapokea fedha za nje laweza kufungiwa.

*Nafasi ya kurudi.* Fedha ikitoka imetoka, lakini anayeona amekosea anaweza kuacha kuendelea bila kutangaza.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mwenye kipato na subira, asiye mwepesi wa maneno, na anayekubali kwamba sifa zitakwenda kwa wengine. Michael Jordan alikosolewa kwa miaka mingi kwa kukataa kumpigia debe hadharani Harvey Gantt, aliyepambana na Jesse Helms katika uchaguzi wa Seneti wa North Carolina mwaka 1990. Baadaye alieleza kwamba alituma mchango. Gantt alishindwa, na lawama zikabaki kwa Jordan. Asiyeweza kuishi na lawama ya namna hiyo asiichague njia hii.

Njia ya nne: kuiachia kazi izungumze

*Athari.* Tarehe 6 Mei 2012 Joe Biden, akiwa makamu wa rais, alieleza katika mahojiano ya televisheni kwamba haoni tatizo na ndoa za jinsia moja, na akasema kipindi cha vichekesho cha Will & Grace, chenye mhusika mkuu ambaye ni mpenzi wa jinsia moja na kilichoanza kurushwa mwaka 1998, huenda kiliwaelimisha Wamarekani kuliko karibu kitu kingine chochote. Siku tatu baadaye Rais Obama, ambaye mwaka 2008 alikuwa amesema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, akatangaza kwamba naye anaziunga mkono. Mwanasiasa mkubwa alikiri kwamba tamthilia ilitangulia mbele ya siasa. Huko Taiwan, Jolin Tsai alitoa mwaka 2014 wimbo wenye video ya wanawake wawili walioishi pamoja miaka mingi, mmoja wao akashindwa kutia sahihi ya kumruhusu mwenzake afanyiwe upasuaji kwa sababu sheria haikumtambua kuwa ndugu. Hakuna kauli ya jukwaani inayoweza kuieleza sheria ya ndoa kwa uwazi kama fomu ile ya hospitali. Taiwan ilipitisha sheria ya ndoa hizo mwezi Mei 2019.

*Gharama na anayeilipa.* Kazi ya sanaa hufanywa na watu wengi, kwa hiyo bei yake nayo hugawanywa. Mwaka 1997 Ellen DeGeneres alijitokeza kuwa mpenzi wa jinsia moja, na mhusika aliyemwigiza katika kipindi chake cha televisheni akajitokeza pia. Kituo kimoja cha Birmingham, Alabama, kilikataa kurusha sehemu hiyo, na mwaka uliofuata kipindi kikafutwa. DeGeneres alirudi mwaka 2003 na kipindi kingine kilichodumu miaka mingi. Laura Dern, mwigizaji aliyealikwa katika sehemu ile moja tu, ameeleza kwamba alikaa zaidi ya mwaka bila kupata kazi. Tunaposimulia ujasiri wa DeGeneres, na ulikuwa ujasiri kweli, tumtaje na Dern.

*Sheria na usalama.* Wakaguzi wa filamu na muziki huisoma hadithi kwa makini kama wanavyosoma hotuba. Nchini Kenya, filamu ya Rafiki ilipigwa marufuku mwaka 2018, kisha Mahakama Kuu ikairuhusu ioneshwe kwa siku saba tu.

*Nafasi ya kurudi.* Ni pana. Hadithi haimfungi mwandishi wake kwa kila maana itakayotolewa humo, na msanii aliyebadilika anaweza kuandika nyingine.

*Inamfaa nani.* Inamfaa ambaye kazi yake ina hadithi ndani yake: mwandishi, mwigizaji, mtunzi wa nyimbo. Mwanariadha hana hadithi ya kuandika ndani ya mbio zake. Haimfai mwenye haraka, kwa sababu kura iliyo wiki mbili mbele haitasubiri filamu ya miaka mitatu.

Mwongozo kwa hali mbalimbali

Ikiwa kura iko karibu na jambo linakuhusu mwenyewe au linamhusu mtu wa nyumbani kwako, njia ya kwanza ina nguvu ambayo nyingine hazina. Lakini kama hadithi ni ya ndugu yako, iwe ni yeye aliyekuruhusu uisimulie. Ikiwa kura iko karibu na jambo halikugusi moja kwa moja, kuhimiza watu wajiandikishe kuna matokeo yanayoonekana kuliko kuwatajia jina la mgombea.

Ikiwa una mkataba wa udhamini, mpe mwanasheria wako akusomee kifungu cha maadili kabla hujafungua kinywa, iwe unaunga mkono au unapinga. Ukishajua bei, waite wenzako wa bendi au timu uwaambie. Wasipokubaliana nawe unaweza bado kusema, lakini useme kwa jina lako peke yako na mahali ambapo jina lao halipo.

Ikiwa unapinga ndoa hizi kwa sababu ya imani na unaona lazima useme, zungumzia unachokiamini kuhusu ndoa bila kuwashusha watu thamani. Ikiwa msimamo wako bado haujakomaa, kunyamaza ni haki yako, na ukiulizwa ghafla, jibu la "bado ninalitafakari" ni la kweli na halimuumizi mtu.

Ikiwa una fedha lakini huna ulimi, tafuta mawakili na mashirika yanayofanya kazi hiyo kwa muda mrefu, na changa ukijua kwamba jina lako litaonekana. Ikiwa unatunga au unaigiza na huna haraka, waeleze mapema wale watakaofanya kazi hiyo pamoja nawe, hadi mgeni wa siku moja, wajue wanaingia katika nini.

Na ikiwa unakwenda kutumbuiza katika nchi ambako mapenzi ya jinsia moja ni kosa la jinai, ufanye uamuzi kabla ya kusaini. Unaweza kukataa mwaliko na kueleza sababu ukiwa kwako. Unaweza kwenda na kuimba. Unaweza kwenda, ukakutana faraghani na wanaoishi chini ya sheria hiyo, ukawauliza wanataka ufanye nini, na jibu lao likiwa ni kwamba usiseme neno jukwaani, basi usiseme.